Gofu na Hame: Nyumba ya Tembe katika Historia ya Ugogo

Maneno ya nyumba iliyoachwa

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kuitaja nyumba ambayo haikaliwi tena, na maneno hayo si visawe. Gofu ni jengo lililobomoka ambalo bado lina umbo: kuta zimesimama, paa limeanguka, na mahali pa milango pamebaki mianya. Neno hilo hilo hutumika kumtaja mtu au mnyama aliyekonda hata mifupa ikaonekana. Matumizi hayo yanadhihirisha kwamba gofu hutazamwa kama mwili uliopoteza nyama ukabaki na mifupa. Pagale ni nyumba iliyotelekezwa, na katika matumizi ya siku hizi zaidi ni nyumba ambayo ujenzi wake umekwama kabla mwenyewe hajahamia. Ganjo na tongo hutaja mahali palipowahi kuwa na makazi. Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, ni jina linalotokana na neno hilo la pili, na lugha kadhaa za Kibantu za bara zina neno la asili moja nalo linalotaja uwanja wa nyumba ya zamani.

Lipo pia neno hame, ambalo aghalabu husikika katika wingi wake, mahame. Kisarufi neno hili limetokana na kitenzi hama kwa kupachikwa kiishio -e. Kiishio hicho ndicho kinachopatikana katika mtume, yaani aliyetumwa; katika kiumbe, yaani kilichoumbwa; na katika mteule, yaani aliyeteuliwa. Katika mifano yote hiyo nomino humtaja mtendwa, wala haimtaji mtenda. Hame, basi, ni mahali palipohamwa. Neno halisemi lolote kuhusu kuta: hame laweza kuwa na magofu ndani yake, na laweza pia kuwa uwanda wenye majani mafupi na mawe machache. Vilevile halisemi aliyehama ni nani, wala kama alihama kwa hiari yake au alihamishwa.

Mhadhara huu unahusu nyumba ya mashambani ya Ugogo iitwayo tembe, ambayo iliachwa kwa wingi katika karne ya 20 na ambayo, kwa jinsi ilivyojengwa, haikawii kupoteza umbo lake. Tembe likiachwa haliachi gofu, huacha hame. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba taasisi za kuhifadhi historia, kuanzia sheria hadi makumbusho, zimejengwa juu ya dhana ya gofu. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya historia ya makazi ya uwanda wa kati wa Tanzania imebaki nje ya macho yake, ingawa lugha ya taifa ilikwisha kuitengea neno zamani.

Nyumba yenyewe

Kamusi za Kiswahili hulieleza tembe kuwa ni nyumba yenye paa bapa la udongo. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanaacha mengi. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni kiangazi chenye jua kali mchana, upepo mwingi, na baridi ya usiku katika Juni na Julai. Katika nchi ya namna hiyo hakuna haja kubwa ya paa lenye mteremko mkali wa kumwaga maji kama lile la msonge wa Kagera au la banda la pwani. Kinachohitajika ni paa zito linalozuia joto la mchana lisiingie na la jioni lisitoke upesi.

Ujenzi wake ulikuwa wa taratibu iliyo wazi. Nguzo zenye panda zilisimamishwa kwa safu. Juu ya panda zililazwa boriti. Juu ya boriti zilipangwa fito. Juu ya fito yalitandikwa matawi na majani. Na mwisho ulimwagwa udongo ukashindiliwa. Kuta zilikuwa za miti iliyosimamishwa karibu karibu na kukandikwa kwa udongo. Uzito wa paa ulichukuliwa na nguzo, si ukuta, na jambo hili lina umuhimu katika kueleza namna tembe linavyokufa. Nyumba ilikuwa fupi, na mtu mzima aliinama mlangoni. Vyumba vilipangwa katika mabawa, na mabawa yalipokutana yalizunguka ua wa mifugo, hata nyumba na zizi vikawa kitu kimoja. Mke alikuwa na sehemu yake katika bawa, na familia ilipokua bawa jipya liliongezwa. Juu ya paa zilianikwa nafaka, hasa mtama na uwele, na ndani zilihifadhiwa katika vilindo.

Tembe halikuwa la Wagogo peke yao. Wanyaturu, Wairaqw, Wasandawe, Warangi na Wahehe nao walijenga nyumba za paa bapa, kila jamii kwa namna yake. Kwa wasafiri waliotoka pwani paa hilo lilikuwa dalili ya kwamba bara limeanza. Richard Burton na John Speke walipita Ugogo mwaka 1857. Speke alirudi pamoja na James Grant katika safari ya miaka ya 1860. Henry Stanley alipita mwaka 1871. Wote waliandika juu ya nchi hiyo na watu wake. Hata hivyo maandishi yao yana upungufu wa aina moja. Kwa msafara, Ugogo ilikuwa nchi ya kununua maji na nafaka na ya kulipa hongo kwa watemi. Mwandishi aliliona tembe kwa jicho la mtu anayetozwa ushuru mlangoni, na mara nyingi hasira yake juu ya hongo iliingia hata katika maelezo ya kuta.

Maandishi ya Kiswahili yalikuja baadaye, na kwa mkono wa mwenyeji. Mathias Mnyampala, mshairi aliyezaliwa katika nchi ya Dodoma mwaka 1917, na ambaye jina lake limefungamana na utanzu wa ngonjera, alichapisha mwaka 1954 kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Gregory Maddox alikitafsiri kwa Kiingereza na tafsiri hiyo ikatoka mwaka 1995. Umuhimu wake kwa mada hii ni wa lugha kwanza. Mgogo aliyaandika maisha ya kwao kwa Kiswahili wakati ambapo maisha hayo bado yaliendeshwa ndani ya tembe. Mnyampala alifariki mwaka 1969. Miaka miwili baadaye nchi aliyoiandika ilianza kuhamishwa.

Kuhama kabla ya amri

Haitakuwa sahihi kudhani kwamba kabla ya hapo Wagogo walikaa mahali pamoja vizazi na vizazi. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha mwaka 1969 kitabu chake juu ya ng'ombe na ujamaa wa damu, alionyesha kwamba kuhamahama kwa kaya lilikuwa jambo la kawaida. Kaya ilihama kutafuta malisho au ardhi yenye rutuba, na pengine ilihama kwa sababu ya mafarakano. Tembe liliachwa, lingine likajengwa.

Katika mfumo huo hame lilikuwa na thamani. Ardhi iliyokuwa zizi kwa miaka mingi ilikuwa na samadi, na mazao yaliyopandwa juu yake yalistawi kuliko ya jirani. Hame lilikuwa pia na kumbukumbu ya mwenyewe. Watu walijua ni nani aliyekaa pale, alitoka wapi na kwa nini aliondoka. Kwa kifupi, tembe lilikuwa la kupita na jina la mahali lilikuwa la kudumu, na historia ilitunzwa kwa majina zaidi kuliko kwa kuta.

Utaratibu huo ulitikiswa vibaya na njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi kutoka Ugogo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha mvua ikakosekana. Inakadiriwa kwamba katika watu wapatao 150,000 walikufa kama 30,000. Mahame yaliyotokana na Mtunya yalitofautiana na yale ya malisho. Katika mengi hakukuwa na aliyebaki wa kusema aliyehama ameelekea wapi. Sarufi ya neno haikubadilika, lakini mtenda aliyefichwa ndani yake alikuwa mwingine: vita na njaa.

Operesheni Dodoma na kitenzi kuhamia

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Ujamaa Vijijini, lililowataka wakulima waishi na kufanya kazi pamoja. Mwaka 1971 ilianza Operesheni Dodoma, mojawapo ya operesheni za mwanzo za kuwakusanya wananchi wa mkoa mzima katika vijiji. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Kufikia mwaka 1977 zaidi ya watu milioni 10 nchini walikuwa wakiishi katika vijiji zaidi ya 7,000.

Lugha ya wakati ule inastahili kuangaliwa kwa makini. Neno lililotawala lilikuwa kuhamia: kuhamia vijijini, kuhamia kijiji kipya. Kiambishi -i- cha kauli ya kutendea huleta mwisho wa safari katika sentensi. Ukisema mtu amehama, msikilizaji atauliza ametoka wapi. Ukisema amehamia, swali hilo hupoa, maana macho yameelekezwa mbele. Chama na serikali vilizungumzia shule, zahanati, bomba la maji na duka la ushirika, na mambo hayo hayakuwa ya kubuni. Vijiji vingi vya Dodoma vilipata shule yake ya kwanza katika miaka hiyo. Lakini kwa wanakijiji wengi kitenzi kilichofaa zaidi kilikuwa kuhamishwa, chenye usababishi na utendwa kwa pamoja, na katika sehemu mbalimbali za nchi nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi.

Pamoja na makazi, nyumba yenyewe ilihukumiwa. Tembe lilikuwa na kasoro za kweli: lilikuwa na giza na moshi, paa lake lilivuja mvua ilipozidi, na ujenzi wake ulikula miti mingi katika nchi yenye miti michache. Nyumba ya matofali na bati ikawa ndiyo nyumba bora, na tembe likawa alama ya kubaki nyuma. Umbo la kijiji nalo lilichangia. Nyumba zilipopangwa kwa mistari kandokando ya barabara, hapakuwa tena na nafasi ya mabawa yaliyozunguka zizi, wala ya kuongeza bawa pale familia ilipokua. Mfugaji aliyezoea kulala ukuta mmoja na ng'ombe wake alilazimika kutenganisha nyumba na zizi. Kwa hiyo hata pale ambapo paa la udongo liliendelea kujengwa, kaya kama umbo la usanifu ilikuwa imekwisha kuvunjika.

Neno tembe lenyewe halikubaki salama. Kwa msemaji kijana wa mjini leo, tembe ni kwanza kidonge cha dawa. Ni neno lingine lenye sauti zile zile, na limekuwa na nguvu kwa kuwa linatumika kila siku katika zahanati na maduka ya dawa. Hakuna aliyeamuru neno la nyumba lisahaulike. Kitu kilipoondoka machoni, neno lilikosa kazi.

Tembe lililosalia: Kwihara

Lipo tembe moja linalojulikana sana, nalo liko nje ya Ugogo, Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora. Historia yake inafaa kulinganishwa na ya mahame ya Dodoma. Lilikuwa miongoni mwa makazi ya wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, watu waliochukua umbo la nyumba ya bara wakaliongezea mambo ya pwani. Stanley alifikia huko Juni 1871, akashiriki vita vya Waarabu dhidi ya Mirambo, na mwezi Septemba akaondoka kuelekea Ujiji. Februari 1872 alirudi Kwihara pamoja na David Livingstone. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi, naye Livingstone alibaki akingoja wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Mwaka uliofuata, mwili wake ulipokuwa ukipelekwa pwani na Susi, Chuma na wenzao, ulipitia hapo hapo.

Nyumba inayoonyeshwa Kwihara leo ni ujenzi uliofanywa upya katika karne ya 20, nayo ni makumbusho. Hufahamika kuwa ni Tembe la Livingstone. Kiunganishi -a cha umilikaji kimefanya kazi kubwa hapa. Mtu aliyekaa katika nyumba ile kwa muda usiofika miezi saba amekuwa mwenyewe, na aliyeijenga, watumwa na vibarua waliokata nguzo zake, na Wanyamwezi waliokuwa wenye nchi, wameachwa nje ya jina. Tembe hilo limehifadhiwa kwa sababu ya mgeni wake. Lisingepita jina mashuhuri mlangoni pake, lingekuwa hame kama mengine.

Sheria, makumbusho na dhana ya gofu

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliyoweka msingi wa uhifadhi Tanzania Bara ililinda moja kwa moja majengo na masalio yaliyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Ililinda pia milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940, na ilimpa waziri uwezo wa kutangaza mambo mengine. Kwa majengo ya mawe ya pwani mpaka huo wa mwaka una maana, kwani Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, zina karne nyingi. Kwa tembe hauna maana. Nyumba ya miti na udongo haiwezi kungojewa ifikishe umri huo. Mlango wa pwani uliochongwa ulipewa ulinzi ambao nyumba nzima ya bara haikuupata.

Makumbusho yamejaribu njia nyingine. Kijiji cha Makumbusho mjini Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1966, kilikusanya nyumba za jadi za jamii mbalimbali, tembe likiwamo, miaka michache kabla ya Operesheni Dodoma. Kazi hiyo ni ya kushukuriwa, kwani imewawezesha watoto wa shule kuinama katika mlango ambao babu zao waliinama. Hata hivyo tembe la Dar es Salaam linasimama katika mji unaopata mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na huko paa bapa la udongo halina sababu ya kuwapo. Mgeni huliona umbo bila hali ya hewa iliyolizaa, bila zizi lililolipa maana, na bila mahali lilipopewa jina.

Mfano unaofundisha zaidi unapatikana pwani ya Kenya. Kaya za Wamijikenda zilikuwa vijiji vilivyozungushiwa ngome ndani ya misitu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wakazi walikwisha kuzihama. Nyumba zake hazipo tena. Kilichobaki ni msitu, njia, makaburi, na wazee wanaojua mahali gani palikuwa na nini. Hata hivyo mwaka 2008 misitu ya kaya, iliyotapakaa katika mwambao wa kilomita zipatazo 200, iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Katika istilahi ya mhadhara huu, kilichotambuliwa pale ni hame. Neno kaya ni lile lile walilo nalo Wagogo kwa maana ya makazi ya familia, na ambalo Kiswahili cha sensa hulitumia kwa watu wanaoishi na kula pamoja.

Kulisoma hame

Anayeingia katika hame la tembe hataona nyumba, na akitafuta kuta ataondoka akisema hapana kitu. Inampasa ajue jinsi nyumba ile ilivyokufa. Wenyewe wanapoondoka, nguzo na boriti nzuri huchukuliwa kwenda kujengea kwingine au kuwa kuni. Zinazobaki huliwa na mchwa. Kwa kuwa ukuta haukubeba paa, nguzo zikiisha paa huanguka wima ndani ya vyumba, na udongo wake huifunika sakafu. Mvua chache baadaye ukuta nao huyeyuka juu ya udongo huo. Matokeo yake ni tuta dogo lenye umbo la mstatili au la pembe, ambalo huonekana vizuri asubuhi na jioni jua linapolala.

Ndani ya tuta mtafiti hutarajia vigae vya vyungu na mawe. Jiwe kubwa la kusagia lilikuwa zito kubebwa, na mara nyingi ndilo lililoachwa. Mahali lilipo huashiria sehemu ya mke mmojawapo. Mafiga huashiria jiko. Katikati, mahali pa zizi, udongo huwa mweusi zaidi na majani yake ni tofauti, hata miaka mingi baada ya ng'ombe wa mwisho kutoka. Safu ya minyaa iliyoota ikawa miti yaweza kuwa ua wa zamani. Mambo hayo yakipimwa na kuchorwa, ramani ya kaya hujitokeza: mabawa mangapi, wake wangapi, mifugo mingi au michache, nyumba iliyojengwa mara moja au iliyoongezwa kidogo kidogo.

Lakini ramani hiyo haitoi jina, wala sababu ya kuhama. Hayo yako katika vinywa vya watu. Msamiati wa sehemu za tembe katika Kigogo, kuanzia majina ya aina za nguzo hadi majina ya pembe za ua, ni sehemu ya ushahidi kama vigae vilivyo ushahidi. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 Operesheni Dodoma ilipoanza amekwisha kuvuka miaka 70. Baada yake watabaki wale waliosimuliwa.

Kuhamia Dodoma kwa mara nyingine

Oktoba 1973, katikati ya miaka ya operesheni, ilitangazwa kwamba makao makuu ya nchi yatahamia Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa. Kwa zaidi ya miaka 40 uhamisho huo ulikwenda polepole. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali yote itahamia. Mamlaka ile ilivunjwa mwaka 2017. Mwaka 2018 Dodoma ilipewa hadhi ya jiji na ikatungiwa sheria ya kuwa makao makuu. Na Mei 2023 Ikulu mpya ya Chamwino ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan. Idadi ya watu iliyokuwa zaidi kidogo ya 410,000 katika sensa ya 2012 ilizidi 765,000 katika sensa ya 2022.

Kitenzi ni kile kile cha mwaka 1971, na macho yameelekezwa tena mbele. Mji umepanuka juu ya ardhi iliyokuwa mashamba na mahame. Ardhi hupimwa, hugawanywa kuwa vitalu na viwanja, na kila kiwanja hupewa namba. Fidia hukadiriwa kwa thamani ya ardhi na maendelezo yaliyo juu yake, yaani nyumba, miti na mazao. Hame halihesabiki kuwa jengo, na pagale linalojengwa juu yake litakuwa na kumbukumbu rasmi kuliko kaya iliyokaa hapo kabla yake.

Kikuyu, eneo la mjini ambalo leo ni kata mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, ni mfano wa jinsi kumbukumbu inavyochagua. Jina lake humkumbusha msemaji wa Kiswahili mti wa mkuyu. Hapo ndipo ilipokuwa shule ya sekondari iliyopewa jina la Mtemi Mazengo wa Mvumi, na majengo yake tangu mwaka 2007 ni ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Mwanafunzi anayepita hapo kila siku hulitamka jina la mtemi na jina la mti. Akiulizwa nyumba za watu waliokaa katika ardhi ile kabla ya shule na reli zilikuwaje, na sehemu zake ziliitwaje, hana pa kuanzia.

Hitimisho

Kinachohitajika hakidai fedha nyingi wala kusimamisha ujenzi wa jiji. Kwanza, kabla eneo halijapimwa viwanja, mahame yake yaorodheshwe pamoja na majina yake kama yanavyotamkwa na wenyeji, na majina hayo yapewe nafasi katika majina ya mitaa na barabara. Pili, msamiati wa ujenzi wa tembe ukusanywe katika Kigogo na lugha nyingine za uwanda wa kati, na maneno yanayofaa yaingizwe katika kamusi za Kiswahili pamoja na maelezo kamili, badala ya mstari mmoja unaoishia kwenye paa. Tatu, mahame machache yenye historia inayojulikana, likiwamo angalau moja la Mtunya na moja la Operesheni, yatangazwe na kulindwa kwa uwezo ambao sheria imempa waziri, hata kama hayana ukuta hata mmoja.

Dodoma ina vyuo vikuu viwili vilivyoanzishwa mwaka 2007, na wanafunzi wake wengi wana bibi na babu katika vijiji vilivyoundwa mwaka 1971. Mwanafunzi mmoja akienda na mzee mmoja hadi kwenye hame moja, akachora tuta na kuandika majina, kazi itakuwa imeanza.